Tawi Moja la Matunda Laini

Aibu niliyoipata siku wakwe zangu walipokuja Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, inanichoma mpaka leo, na nikiisimulia natazama chini, lakini heri mnisikie mimi mwenyewe, maana kwa wengine imeshaongezwa chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Nyuma ya nyumba nina mti wa pichi (kwetu milimani, Kivu ya Kusini, tunasema peshi) nilioupanda kwa kokwa kutoka kwa marehemu baba, na kila mtu aliniambia hautazaa, pichi inataka baridi na Nakivale ni joto, nao kweli ukakaa miaka bila hata ua. Kiangazi nilicholazwa hospitali Mbarara, jirani yangu Venanti, Mrundi, ndiye aliyeumwagilia maji ya kuogea usikauke, na baadaye ukaanza kuzaa. Machache, madogo, lakini pichi.

Basi mwaka jana familia ya mchumba wa binti yangu Neema ikaja kutoka kambi ya Oruchinga, watu wa milima ileile yetu, nami nilikuwa nimejigamba kwenye simu kwamba nitawalisha peshi za nyumbani. Asubuhi naenda kuchuma, nakuta tawi moja, moja tu, limezaa matunda yasiyo na manyoya, laini, mekundu, yanang'aa. Nikashangaa, ila nikaona yanapendeza kuliko yale mengine, na hapo ndipo nilipojikwaa: nikapanga sahanini yale laini peke yake.

Mzee Kalunga, baba wa kijana, akachukua moja, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Baba Neema, hii haiko peshi," akasema taratibu. "Peshi iko na manyoya. Hii ulinunua Mbarara. Unatudanganya sisi batu ba milima?"

Ningesema tu kwamba sijui, mti umeyatoa wenyewe, yangekwisha, lakini mwenye nyumba, mbele ya wakwe, nitasemaje sijui? Nikawaongoza wote nyuma ya nyumba, wakaona mti mmoja, matawi yote manyoya na tawi moja laini, na badala ya kuniamini wakaanza kurudi nyuma, na shangazi wa kijana akanong'ona (tukamsikia sote) kwamba muti wa vile hauko fasi yoyote, umechezewa kichawi. Nikatafuta wa kumtupia lawama.

"Ni jirani," nikasema. "Alibaki na mti wangu nikiwa hospitali. Ameuchanganya na kitu."

Nikamwita. Venanti akaja na mikono ya udongo, alikuwa anapalilia maharage, majirani nao wakamfuata kuona kuna nini, na mbele ya watu wote wale nikamuuliza ameufanya nini mti wangu. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mimi nilimwagia maji tu," akasema.

Mtu akacheka. Nami, ili nionekane mwanaume, nikaingia ndani nikatoka na panga, nikalikata lile tawi, matunda yakaviringika miguuni mwa wageni na hakuna aliyeinama kuyaokota. Venanti akarudi kwenye maharage yake.

Miezi ikapita. Siku moja nimeenda Mbarara kununua uzi na vifungo, nikayaona yaleyale kwenye duka la matunda. "Hiyo ni nektarini, muzee," akasema muuzaji. Nikauliza nani anayajua zaidi, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye kitalu cha miche nje ya mji, nikamweleza kila kitu (isipokuwa habari ya Venanti).

"Nektarini ni pichi tu," akasema. "Hakuna mtu anachanganya kitu. Pichi ilianzia China, na tangu zamani mti unaweza kutoa tawi moja laini, wenyewe tu. Hata kokwa ya pichi inaweza kuota nektarini. Sisi tukipata tawi kama hilo tunakata vijiti, tunaunganisha kwa miche mingine, ndiyo inaongezeka. Na hilo lilizaa kwenye joto la kwenu? Niletee kijiti kimoja."

"Nililikata," nikamwambia. "Tukapikia."

Akaendelea kujaza udongo kwenye mifuko yake.

Jioni nikaenda kwa Venanti, nikamkuta jikoni, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini.

"Ulinisema mbele ya watu," akajibu, "unaniomba msamaha jikoni?"

Kwa hiyo asubuhi nikasimama kwenye foleni ya bomba, nikasema yote kwa sauti, kwamba nilimsingizia Venanti, nektarini, China, tawi linalojitokea lenyewe, na nusu yao hawakuelewa ikabidi nirudie, wakacheka mpaka mmoja akaangusha dumu. Venanti akajaza lake, akafunga kifuniko.

"Nimesikia," akasema, akaondoka. Tangu hapo hajaniambia neno lingine.

Neema aliolewa, namshukuru Mungu. Mti unazaa, manyoya matupu, na kila msimu nauzunguka nikitafuta tawi lingine la vile, sioni. Nimeapa nisipojua kitu nitasema sijui, hata aniulize nani. Lakini nimeapa nikiwa nimechelewa, na jirani wa namna ile sijui nitampata wapi tena.