Taramati na Redio ya Upepo ya Songwa

Taramati aliolewa Shinyanga akitokea Tabora, na ujuzi aliokuja nao ulikuwa wa kutarizi. Angeweza kukaa kutwa nzima na sindano, akipachika vioo vidogo kwenye kitambaa bila hata kimoja kwenda upande. Mumewe, Jignesh, alikuwa fundi redio. Mbele ya duka lao, karibu na soko, waliuza betri na kanda za muziki. Nyuma ya kaunta ilikuwapo meza ya ufundi. Wachimbaji wa Geita walileta redio kaseti zilizoshiba vumbi la mashimoni. Wafugaji wa Kishapu walileta redio zilizoanguka kwenye baiskeli. Karibu wote walirudi kwao redio zikiimba.

Mwaka 1994 mkono wa kulia wa Jignesh ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia uchovu, kisha chai kali. Ulipofuata wa kushoto, akaacha kusingizia. Siku moja tone la risasi ya kulehemu iliyoyeyuka lilimponyoka likaangukia katikati ya bodi ya mteja. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akakaa akitazama ukuta.

Taramati akasogea, akaurudisha waya, akashika pasi ya kulehemu.

"Niambie pa kugusa," alisema.

Jignesh aliinamia bodi. "Hapo, karibu na koili nyekundu."

Ndivyo walivyoanza, na ndivyo walivyobadilishana viti. Taramati alikaa akitazama mlango. Jignesh alikaa ng'ambo ya meza, mgongo mlangoni, mikono kaificha mapajani. Mteja akiingia aliuona mgongo mpana wa fundi, akadhani mama anamshikia tochi tu. Taramati hakuupenda mchezo huo, ila hakusema neno. Aliona mumewe amebakiwa na mgongo huo tu wa kuwaonyesha watu.

Kiangazi cha mwaka 1996, asubuhi moja, aliingia Paskazia, muuguzi wa zahanati moja maeneo ya Songwa. Alikuwa amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kitenge.

"Mwangaluka!" aliwaamkia kwa Kisukuma. "Shikamoo, Mama Sanket. Shikamoo, Baba Sanket."

"Marahaba, mwanangu," Taramati aliitikia. Sanket alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyefanya kazi Mwanza.

Paskazia alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na redio ya upepo, ile ambayo zahanati ilitumia kuitia gari mama mjamzito akizidiwa. "Panya wameingia ndani yake," alisema. "Sasa mtu akizidiwa tunamtuma kijana kwa baiskeli mpaka Mhunze kuita gari. Nimekuja na lori la pamba. Nitasubiri hapa hapa."

Walipoifungua waliona bodi mbili zilizotazamana, kila moja ina safu ya pini nyembamba zilizosimama kama meno ya kitana. Mkanda wa nyaya uliokuwa ukiziunganisha ulikuwa umetafunwa, vimebaki vipande. Mkanda mwingine kama ule haukuwapo Shinyanga, pengine hata Mwanza.

"Tutatengeneza jampa," Jignesh alisema. "Waya mmoja mmoja, pini kwa pini."

Taramati alitoa kipande cha kebo ya simu, chenye nyaya za rangi nyingi ndani. Alizikata kwa urefu mmoja, akachubua ncha zake, akazilehemu kwenye visoketi vidogo walivyovitoa kwenye redio mbovu, ili kila ncha ivae pini yake bila kugusa jirani. Kazi hiyo aliifurahia. Vidole vyake viliijua tangu usichana.

Shida ilikuwa kuhesabu. Kwenye bodi ya kwanza, pini ya mwanzo ilikuwa na alama ya nukta nyeupe. Kwenye bodi ya pili alama ilikuwa imefutika, kwa hiyo Jignesh alichunguza njia za shaba, akaridhika, akasema, "Hii tunahesabia kushoto. Ya kwanza ya kule, ije ya kwanza kushoto huku." Akaendelea kutaja na Taramati akaendelea kuvisha, mpaka safu yote ikafunikwa na rangi.

Wakawasha. Ndani ya redio kukalia *ta!* na fyuzi ikakatika.

"Umekosea," Jignesh alisema.

"Nimefanya ulivyosema."

"Nimesema kushoto!"

"Na mimi nimeanza kushoto!"

Paskazia aliinamisha macho. Taramati aliangalia pini, kisha akamwangalia mumewe. Miaka ile miwili walikuwa wakielekezana kwa vitu vyenye sura: koili nyekundu, swichi, kile kikopo kirefu. Pini hazina sura.

"Baba Sanket," alisema taratibu, "kushoto ni wapi? Nionyeshe."

Hakukuwa na njia nyingine ya kujibu. Jignesh alitoa mkono chini ya meza akaunyoosha. Kidole kilicheza hewani kama jani, lakini upande aliokusudia ulionekana wazi. Ulikuwa upande wa kulia wa mkewe.

Paskazia aliuona mkono. Jignesh alijua ameuona, akataka kuurudisha mapajani. Akasita. Halafu akainuka, akabeba kiti chake, akazunguka meza. Nafasi ilikuwa finyu. Taramati alisukuma maboksi ya betri kwa mguu. Wakakaa bega kwa bega, wote wakitazama mlango. Jignesh akaweka mikono yote miwili juu ya meza, ikitetemeka mbele ya watu.

"Tuanze upya," alisema.

Taramati alichomoa nyaya upande wa bodi ya pili, akazivisha kuanzia mwisho mwingine. Safari hii kila waya waliupima kwa mita, kile kipimo cha umeme, kabla ya kwenda kwenye unaofuata. Wakatia fyuzi mpya, wakaunganisha waya mrefu wa uani uliokuwa antena yao. Redio ikakoroma, ikatulia, na sauti ya mtu ikasikika mbali ikiita kituo kingine. Paskazia alishika kipaza sauti cha redio akajitambulisha.

"Songwa!" mtu yule alipaza sauti. "Tulidhani mmehama!"

Paskazia alicheka mpaka akafuta macho. Alipokuwa akifunga mzigo wake alimgeukia Jignesh. "Baba, hiyo mikono, daktari ameiona?"

"Bado."

"Nenda Mwanza. Usikae nayo hivi."

Alikwenda. Sanket alimpeleka mwenyewe. Vidonge vilimtuliza kidogo asubuhi. Mchana mtetemeko ulirudi, na haukuwahi kuisha. Hakurudi kukaa ng'ambo ya meza. Mteja akiingia alimwambia, "Mpe mama, ndiye fundi. Mimi namwelekeza." Wengine waliguna wakapeleka redio zao kwingine. Wengi walibaki.

Kufikia mwaka 1998 hata sauti yake ilianza kufifia, ikawa lazima Taramati amwinamie ili amsikie. Hilo lilimtisha kuliko mikono. Alijua kugusa anapoambiwa, lakini hakujua kwa nini hapo na si pengine. Basi asubuhi moja, kabla hawajafungua duka, aliweka bodi moja mbele yao na hakuuliza pa kugusa.

"Umeme unaingilia wapi hapa," alisema, "na kwa nini unapita huku?"

Jignesh alisogeza kiti karibu na bodi. Kisha akaanza kueleza kwa sauti yake ndogo, na siku hiyo chakula cha mchana kilipoa.