Chai ya Kungojea

Tumeketi nje ya mkahawa mpya hapa Wote, mimi na binti yangu. Harufu ya mandazi inatoka jikoni, na kikombe changu cha chai kiko mkononi.

Kule Mutomo, nilipokuwa mtoto, baba alituacha mimi na mama kwenye benchi nje ya hoteli, akaenda kuuza mbuzi. Mama aliniambia, "Kunywa polepole. Kikombe kikiisha watatuambia tupishe wateja." Nikawa nalowesha midomo tu. Chai ikapoa, ikashika utando. Mbuzi wetu wakapita wakiswagwa na mtu tusiyemjua. Mama akatazama nyuma yao, barabara yote, asimwone baba, kisha akasema, "Polepole zaidi."

"Mum, imebaki kidogo tu," binti yangu ananiambia. "Maliza twende."

"Bado," namjibu, macho yangu yako barabarani.