Klachi ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuliheshimu gari lisilo na klachi. Miaka yote aliyoendesha malori ya mahindi, na baadaye pikapu yake mwenyewe, kila akiona gari la otomatiki linapita hapa kwetu Chanji alisema, "Hilo halina dereva, lina abiria aliyekaa kulia." Tulicheka kila mara, hata mama, ambaye alikuwa ameusikia mzaha huo kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo nikisema kwamba mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyeing'oa klachi ya pikapu yake, ieleweke kuwa sikuamka tu na kuamua.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja ya kipupwe, akiwa anafunga kamba za viatu. Mdomo ulinyooka baada ya siku chache, mkono wa kushoto ukarudi baada ya wiki kadhaa, lakini mguu wa kushoto uligoma. Haukuwa umekufa. Daktari alisema nguvu imo, ila lazima ufanyishwe kazi kila siku. Akaja nyumbani dada wa mazoezi, akamwekea mpira chini ya unyayo, akamwambia, "Baba, bonyeza." Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa acheze kombolela. Siku ya tatu aliusukuma ule mpira kwa fimbo mpaka uvunguni mwa kabati, na huko ukabaki.

Alikubali jambo moja tu. Kila asubuhi alijikokota hadi uani, akapanda pikapu, akawasha, akakaa ameshika usukani huku injini inanguruma. Ni pikapu ya Kijapani, kongwe, ambayo rangi yake ilishatushinda kuitaja. Bila mguu wa kukanyaga klachi haikwenda popote. Baada ya robo saa alizima, na akaendelea kukaa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kimeelekea ua wetu, na nilikuwa namwona vizuri. Niliogopa. Niliogopa kwamba baba yangu atakufa akiwa amekaa vile vile, wakati gari ni zima na njia ya shambani kwetu Kasense ipo pale pale nje ya geti.

Kuhusu magari, nilichojua ni kupanda na kushuka. Lakini nina ugonjwa mmoja wa kazi: nikiona kitu hakimkai mtu vizuri situlii mpaka nikipunguze au nikiongeze. Nikaenda gereji kwa fundi ambaye amekuwa akiitibu pikapu hiyo miaka mingi, nikamuuliza kama gari linaweza kuondolewa klachi kama gauni linavyoondolewa mikono.

"Inawezekana, dada," alisema akijifuta grisi. "Injini hii ina ndugu zake wa otomatiki. Tukipata gia boksi ya ndugu yake, na pedeli zake, tunaivisha. Shida ni kuipata. Na mzee je? Atakubali?"

"Mzee niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu mdomo wangu hunitangulia. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama peke yake. Alitazama uani, baba alikokuwa amekaa nyuma ya usukani usiokwenda. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema, na mwana mwenyewe alikuwa mume wake.

Kutafuta kulichukua miezi. Fundi aliulizia Tunduma, akaulizia Mbeya, kwa wauza spea za mtumba. Walituma picha, na kwenye picha gia boksi zote zinafanana kama dagaa. Moja ililetwa kwa basi, imefungwa kwenye gunia, tukaipokea stendi kwa furaha. Matundu yake ya bolti yalikataa. Tukairudisha kwa basi hilo hilo.

Hapo ndipo fundi akafanya wanavyofanya mafundi wa kwetu kitu kikiwa mbali. Alishusha gia boksi ya baba siku ambayo baba alikuwa kliniki, akabandika kipande cha boksi la sabuni nyuma ya injini, akakigonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka kingo na matundu yote yakajichora kwa grisi. Akairudishia mahali pake kabla mzee hajarudi. "Huu ndio uso wake," akanipa. Mimi sikuridhika. Nilikwenda nao nyumbani, nikauhamishia kwenye karatasi ya kaki ninayokatia mitindo, nikaukata kwa mkasi wangu mzuri, nikaandika kwa kalamu nyekundu UPANDE WA JUU, kwa sababu ukigeuza mtindo kimakosa unashona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Fundi alipouona alisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Lakini aliniuliza kama naweza kumkatia na mwingine.

Karatasi ile ilikaa kwenye mkoba wangu mpaka niliposikia habari za gari moja la abiria huko Matai, la otomatiki, lenye injini ya ukoo ule ule. Lilikuwa limelala miaka nyuma ya jiko la mama mmoja mjane, na kuku walikuwa wanatagia ndani. Nikaenda. Nikamwamkia shikamoo, nikaketi, nikanywa togwa yake ya ulezi, na tukaulizana ukoo mpaka ikajulikana kwamba babu yangu na baba yake waliwahi kulima bonde moja. Gari lilikuwa pale mbele ya macho yangu na sikulitaja. Kwetu mtu hafiki akaanza na shida yake. Kikombe cha pili kilipoisha ndipo nikaeleza habari za baba, nikatoa na karatasi.

Aliishika muda mrefu. Mumewe alikuwa akipeleka watu Kasanga kwa gari hilo. "Wa chuma chakavu wamekuja mara tatu, nimewafukuza," alisema. "Wao wanataka kulipima kwa kilo. Wewe, mwanangu, umekuja na kipimo chake kama unamshonea mtu. Chukua unachotaka. Ila kuna kuku amelalia kwenye kiti cha dereva. Mtasubiri aangue."

Tukasubiri kuku. Fundi alilalamika wiki nzima, akisema tangu azaliwe hajawahi kupangiwa kazi na kuku. Vifaranga vilipotoka tulikwenda pamoja, akaishusha gia boksi, nikapiga magoti na kitenge changu, nikaulaza ule uso wa karatasi juu ya uso wa chuma. Tundu kwa tundu. Nililia pale pale chini, na yule mama akanishika bega.

Baba tulimdanganya. Mama alimwambia gari linakwenda sevisi. Wiki mbili alizunguka na fimbo yake uani, anatazama doa la oili pale lilipokuwa linaegeshwa, anauliza sevisi gani hiyo. Gereji nako shafti ilikatwa ikapunguzwa urefu, sakafu ikatobolewa kupisha wenzo mpya wa gia, pedeli tatu zikawa mbili. Mimi nilikuwa na furaha ya mjinga. Nilimwona baba kichwani mwangu akishangilia.

Gari liliporudi alifungua mlango, akatazama chini.

"Nani?" aliuliza.

Mama aliangalia jikoni.

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea yote. "Baba, nataka uende shambani."

Alifunga mlango wa gari polepole, akaingia ndani. Siku tatu hakunisemesha, na asubuhi hakwenda tena uani. Nilijiona mwizi. Mahali pamoja tu palikuwa pamebaki pake hapa duniani, nami nilikuwa nimepabomoa kwa nia njema. Nilishona sare za shule zote za wiki ile vibaya, nikafumua, nikashona tena.

Siku ya nne alitoka amevaa kofia. "Leteni funguo," akasema, kama vile sisi ndio tuliomchelewesha. Daktari alikuwa amesema mikono, macho na mguu wa kulia havina neno, ila aanze na njia ya shambani, na mtu anayejua gari awe kando yake. Basi fundi alikaa mbele naye, mama na mimi tukapanda nyuma juu ya magunia matupu. Nilimsikia fundi akimwelekeza: "Baba, mguu wa kulia tu ndio unafanya kazi. Wa kushoto upumzike."

Tulitoka getini. Tukaiacha Chanji, tukashika njia ya Kasense, na baba akaongeza mafuta. Injini ikapandisha sauti, ile sauti aliyoisikiliza maisha yake yote, inayomwambia dereva badilisha gia. Gari la otomatiki hujibadilishia lenyewe. Lakini hakuna aliyeuambia mguu wa baba. Uliinuka, ule wa kushoto, ule uliogomea mpira, ukatafuta klachi yake na kushuka kwa nguvu juu ya pedeli ya breki, ambayo kwenye magari haya ni pana kama ubao wa kukatia mboga.

Gari lilisimama papo hapo. Mimi na mama tuliteleza na magunia yetu mpaka tukagonga kabini, kilemba chake kikamfunika macho.

"Umegonga nini?" mama alipiga kelele.

"Nimekanyaga klachi," baba alijibu.

Fundi alikuwa ameinama, anatazama chini. Nilichungulia kwenye kidirisha cha nyuma, nikauona mguu bado uko juu ya breki, umekaza, kiatu kinatetemeka kidogo. Baba naye alikuwa anautazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mama alipoelewa alipiga vigelegele pale njiani, pasipo na mtu wala nyumba, na mimi nikashindwa kabisa kujizuia.

Aliukanyaga tena mara nne kabla hatujafika shambani. Fundi alishuka amepauka. "Dada, mguu ni habari njema," aliniambia kando, "lakini kwa hivi ataua mtu." Alikuwa anasema kweli. Nilikaa kwenye tuta nikawaza kifundi cherehani: mguu unataka mahali pa kukanyaga, basi upewe.

"Rudisha pedeli ya klachi," nikamwambia.

"Niiunganishe na nini? Klachi yenyewe haipo."

"Na springi."

Alikuna kichwa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake aliitundika pedeli ya klachi mahali pake pa zamani, akaikata ya breki ikawa nyembamba, akafunga springi laini. Mguu ukishuka, ulikuta pedeli yake, na gari halikujali. Tulimwambia baba fundi amerudisha klachi. Aliikanyaga mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

Toka hapo kila mwezi fundi alibadilisha springi kwa siri, akiweka ngumu kuliko ya mwanzo. Ya sasa mimi siwezi kuisukuma kwa mikono miwili. Baba anakwenda Kasense mara mbili kwa wiki. Ngazi za barazani anapanda bila kushika ukuta. Kila kilima anakanyaga, anaachia, na bado anayatukana magari ya otomatiki yanayotupita.

Majuzi nilikaa mbele naye. Niliutazama mguu ukipanda na kushuka, dhamiri ikanisumbua, maana ni mimi niliyemdanganya mara mbili.

"Baba," nikasema, "ile klachi haijaunganishwa na kitu."

Hakunitazama. Kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe mbele yetu. Akakanyaga, akaupita, akaachia taratibu.

"Najua, mama," alisema. "Mimi ni dereva. Ila mguu haujui. Usiuambie."