Fonti ya solfa ilitoweka kwenye kontena, besi wa Buganguzi wakapanda juu kuliko soprano

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nawaletea kisa kilichonikuta mwenyewe. Chumvi ikizidi ni ya kuonja tu. Kwenye mambo ya kitaalamu sijaongeza hata punje.

Kwa wasionijua: nina duka la stationery hapa Ijuganyondo, Bukoba. Nimesoma masomo ya jioni ya kompyuta, na cheti nimekitundika dukani mahali ambapo hata anayepita barabarani anakisoma. Mengine nimejifunzia kwenye majukwaa kama hili.

Nyuma ya duka nina kompyuta chakavu niliyoigeuza seva. Feni yake ikianza kuzunguka, kuku wa jirani wanakimbilia bandani.

Humo nimeweka ofisi ya mtandaoni, zile zinazokaa kwenye kontena, yaani boksi la programu linalojitegemea ndani ya seva. Mnafungua dokumenti moja kwenye browser, mnaandika pamoja hata kama mko wilaya tofauti.

Niliiweka kwa ajili ya kwaya mbili: yetu ya Ijuganyondo, na ya Buganguzi kule Muleba. Tulipewa kuimba pamoja kwenye misa ya shukrani ya padre mpya, mtoto wa Buganguzi.

Wimbo mkuu alitunga mwalimu wetu, Ta Leonsi. Padre ni mtoto wa dada yake. Mzee ametunga nyimbo nyingi kuliko migomba ya Kagera nzima, ila huu aliushika kama yai.

"Huu ukiharibika mbele ya dada yangu," alituambia, "sitatunga tena. Nitabaki na kahawa zangu."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Sasa sikilizeni kuhusu fonti. Ta Leonsi anaandika nota za solfa, zile d, r, m, kwa fonti maalumu aliyopewa na mwalimu mwenzake. Ukibonyeza D kubwa, inatokea d ndogo yenye alama chini yake. Maana yake do ya chini kabisa, ya besi.

Bila fonti hiyo, D inabaki D. Ikumbukeni hiyo D.

Mwanzo niliweka fonti kwenye seva yenyewe. Ofisi ya mtandaoni haikuiona. Kontena ni nyumba yenye ukuta wake: ndizi kuwa shambani haina maana zimo chunguni.

Basi nikainakili fonti hadi ndani ya kontena, kwenye folda ya fonti, nikaendesha ile script ya kutengeneza upya orodha ya fonti, nikaliwasha upya. Ikakubali! Kwaya yetu ikaprint karatasi zake, nami nikatembea Ijuganyondo nzima kama mgombea aliyepita bila kupingwa.

Siku chache baadaye nikaona kuna toleo jipya la ile ofisi. Mimi na toleo jipya ni kama mtoto na senene. Nika-update.

Kumbe uki-update, kontena la zamani linafutwa, linaletwa jingine safi. Safi kweli, halina hata fonti uliyoweka. Dokumenti zilikuwepo zote, nikaridhika. Ule wimbo sikuufungua.

Buganguzi wakaprint za kwao baada ya hapo.

Siku ya mazoezi ya pamoja tukaenda Buganguzi. Wimbo ukaanza vizuri. Ikafika zamu ya besi.

Wakuu, besi wa kwetu walishuka chini, besi wa Buganguzi wakapanda juu ya bati. Mishipa ya shingo ilisimama hadi ungeweza kuanikia nguo.

Ta Leonsi akagonga benchi kwa kijiti. "Nyie! Mnakimbizwa na nani?"

Ma Paskazia, katibu wa kwaya ya Buganguzi, akainua karatasi. "Waitu Mwalimu, si umeandika mwenyewe? Herufi kubwa. Tukajua unataka tupande."

"Mbona hamkuuliza?"

"Tuulize nini, na kusoma tunajua?"

Hapo ndipo Wahaya tulipo, wakuu. Mhaya haulizi, Mhaya anatafsiri.

Besi mmoja akaongeza kwa sauti iliyokauka, "Mimi shingo inaniuma tangu tuanze. Nikasema ni sadaka."

Kanisa zima likacheka. Ta Leonsi akakunja karatasi yake, akaiweka mfukoni.

"Jumapili imbeni nyimbo za kitabuni. Huu nauondoa." Akatoka nje.

Nikaweka karatasi mbili pamoja. Yetu ina d yenye alama, yao ina D. Nikajua kontena limenigeuka.

Nikakaa ngazini, nikaingia kwenye seva kwa simu. Safari hii nikaweka fonti kwenye folda iliyo nje ya kontena, nikaiunganisha kama volume kwenye faili la compose, lile lenye maelekezo ya kuunda kontena, ili kontena liikute humo kila linapoundwa upya. Nikalianzisha, nikaendesha ile script.

"Bado D," alisema Ma Paskazia akichungulia simu yake.

"Futa cache ya browser, Ma, bado inakumbuka ya zamani."

Akafuta. Akafungua wimbo upya. Kisha akaita, "Mwalimu! Besi wameshuka!"

Ta Leonsi akaja, akaishika simu kwa mikono miwili, akafuata mstari kwa kidole, akiimba chini kwa chini.

"Hii ndiyo yangu," alisema. Akatoa karatasi mfukoni, akainyoosha.

Nikahifadhi wimbo kuwa PDF yenye fonti ndani, Ma Paskazia akaenda kuprint Muleba mjini. Tukarudia mazoezi, besi wote chini kama mizizi.

Ila mwishoni Mwalimu akawageukia wale wa Buganguzi. "Mstari wa mwisho, wenye shingo pandeni kama mlivyopanda. Dada yangu hasikii vizuri."

Jumapili wakapanda. Mama wa padre, ambaye muda wote alikuwa ametulia benchi la mbele, akainuka na kupiga kigelegele kilichofika hadi kata ya Kimwani.

Nilichojifunza: chochote unachoongeza ndani ya kontena bila volume ni mgeni, kitaondoka. Ukimaliza ku-update, fungua dokumenti yenye fonti yako uitazame kwa macho. Na cha kuprint, tuma PDF.

Ta Leonsi ameshaanza wimbo mwingine. Juzi alipita dukani kuniuliza kama lile kontena lina wazo jingine.

Wenye seva zenu, fonti mnaziwekaje? Na besi mliomo humu, shingo zinaendeleaje? Uwanja wenu.