Mchango wa Mshahara wa Mshauri

Mlinzi alinishika kiwiko. Hakunivuta, alinishika tu, kama mtu anavyomshika mgonjwa wa akili asije akakimbilia barabarani. Bahasha ilikuwa bado mezani kwa mkurugenzi, naye amesogeza kiti nyuma mpaka ukutani, viganja juu, asije akaonekana ameigusa. "Nani kawatuma?" aliuliza. Nilikuwa nimempa kwa mikono miwili, goti nimekunja, kama ninavyompa mtu yeyote ninayemheshimu. Yeye aliona rushwa.

Nilikimbia vita nikiwa binti, nikakulia kambini Kigoma, shule yangu ikaishia darasa la nne. Kote huko sikuwahi kutolewa ofisini na mlinzi. Nilikuja kutolewa Houston, kwenye chuo cha umma, kwa kosa la kutaka mtu alipwe mshahara.

Ilikuwa mwaka ule kabla ya korona. Mchana nilikunja mashuka kwenye hoteli moja Stafford, kando ya Houston, jioni nilisoma kozi ya kuhudumia wagonjwa: kuwaosha, kuwageuza, kupima presha. Ni kozi ya cheti, haina krediti, maana yake haihesabiwi kwenye digrii. Nilidhani hayo ni mambo yao ya makaratasi. Kumbe ndiyo yanayoamua kama wewe ni mwanafunzi au mpita njia.

Watu wa kozi zetu tulikuwa na mshauri mmoja tu, mama kutoka El Salvador, meza yake iko kwenye korido karibu na choo. Tulimfundisha "shikamoo", akawa anamwamkia kila mtu, hata watoto. Mwenzangu Mkenya, tuliyekaa dawati moja, alisema, "Leo ameniamkia mimi, kesho ataamkia mashine ya soda."

Lakini kazi aliijua. Kabla ya kwenda mazoezini kwenye nyumba ya wazee, lazima upimwe kifua kikuu kwa sindano ya mkononi. Sisi tuliochanjwa utotoni, wenye lile kovu begani, mkono unaweza kuvimba hata kama mapafu ni mazima. Yeye alikuwa anakuambia kliniki gani ya kaunti uende ukapigwe picha ya kifua, anapiga simu, anafuatilia majibu, na unakwenda mazoezini na wenzako. Mwenzangu alipita mikononi mwake hivyo.

Jumatatu moja tukakuta meza haipo. Mwalimu akasema fungu lililokuwa likimlipa limekwisha, na jimbo linalipa chuo kwa saa tunazokaa darasani, halilipi mtu wa kutuangalia. Mkurugenzi angeweza kutafuta fungu lingine, hakutafuta. Washauri wapo jengo la mbele, ila ni wa wenye krediti. Nilikwenda. Dada wa mapokezi alitafuta jina langu kwenye kompyuta, akasema, "Huku hatuhudumii watu wa kozi zenu."

Wiki hiyohiyo nilichomwa ile sindano, mkono wangu ukavimba. Mwalimu akanizuia kwenda mazoezini mpaka nilete uthibitisho. Kutoka wapi? Hakujua. Alilipwa kufundisha, akimaliza anawasha gari.

"Tuache kulialia," mwenzangu akasema. "Tufanye mchango, arudishwe."

Kwetu hilo si jambo geni. Mtu wetu akifariki hapa Texas, kabla ya jioni kundi la WhatsApp limejaa ahadi na mwili unarudishwa nyumbani. Nikampigia mwenyekiti wa jumuiya yetu, mhasibu, ana nyumba kubwa Sugar Land.

"Mama, hiyo ni kazi ya serikali."

"Ningekufa mngechanga?"

"Sasa Mama, tusifike huko."

"Nauliza tu."

"Ungekufa ni jambo jingine."

Nilipomweleza mwenzangu, akasema, "Basi ungoje ufe. Utapanda ndege bure, upande wa mizigo."

Tukachanga wenyewe, wanawake wa darasa, Waafrika na Wameksiko. Hivyo ndivyo tulivyofika kwa mkurugenzi na bahasha.

Mwenzangu alimweleza kwa Kiingereza kizuri kuliko changu kwamba pesa ni ya mshauri. Mkurugenzi akajibu, "Wanafunzi hawawalipi wafanyakazi wangu. Kuna utaratibu."

"Sawa," mwenzangu akasema. "Tuonyeshe huo utaratibu."

Mkurugenzi alimwambia mlinzi atufikishe, sisi na bahasha yetu, kwenye maegesho.

Mazoezi yalianza bila mimi. Nilipokuja kuipata kliniki kwa kuulizauliza, mapafu yalikutwa safi, lakini muhula ulikuwa umekwisha na ada hairudishwi. Kisha korona ikafunga kila kitu. Mwenzangu alipata cheti, akaniambia kazini kwao wanatafuta watu kila siku. Mimi bado nakunja mashuka.

Msinipe pole. Mkurugenzi yupo, picha yake iko kwenye tovuti ya chuo, anatabasamu. Bodi iliyompitishia bajeti ipo. Wabunge walioandika kwamba saa yangu ya darasani ina bei na shida yangu haina, wako Austin, makao makuu ya jimbo. Na mwenyekiti wetu, anayejua kuchangia maiti, naye yupo. Jimbo lililipa chuo kwa kila jioni niliyokaa kwenye kile kiti. Sasa mmoja wenu niliowataja asimame aseme kwa mdomo wake: nani aliamua ile meza iondolewe, na alidhani mimi nitakwenda kumuuliza nani?