Bangili Saba na Diploma Moja

"Huyu hawezi kumaliza hata chuo cha ufundi, seuze udaktari," alisema karani mstaafu wa bandarini, kwenye kibaraza cha muuza kahawa mtaani Ndia Kuu, nami nimesimama mbele yake. Wenzake wakacheka. "Siku ya kutahiriwa alikimbia mpaka Ngome ya Yesu, akarudishwa na mlinzi. Leo yeye ndiye ataka kushika kisu!"

Niliwaacha wacheke. Nilisoma miaka sita katika nchi ya theluji, kwa lugha ambayo nilipofika sikujua hata salamu yake, nikarudi na diploma ya udaktari, ndivyo kule waitavyo shahada, yenye jalada jekundu la waliofaulu sana. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyefanya hivyo, na hilo nalisema bila haya.

Baba hakuwa na kitu. Nilisomeshwa na bangili. Wanawake saba, majirani na mashoga wa mamangu, kila mmoja alivua bangili moja ya dhahabu mkononi. Sonara akazipima na kuzinunua, na uzito wa kila moja ukaandikwa kwenye karatasi. Desturi yetu ni kwamba dhahabu iliyokopwa hurudi dhahabu, kwa uzito uleule, bei ipande ishuke. Niliwaahidi nitazirudisha nikiwa bingwa wa moyo kutoka Amerika.

Leseni ya hapa niliipata kwa mtihani mmoja tu, nikaajiriwa kwenye zahanati kupima malaria na presha. Lakini jicho langu lilikuwa Amerika. Nafasi ya kusomea ubingwa huko huombwa hospitali nyingi kwa pamoja, kila ombi na ada yake, na sisi tuliosoma nje ya nchi yao huwekwa nyuma ya foleni. Hospitali nyingi ziliandika wazi kwamba haziwataki waliohitimu zamani. Basi kila mwaka diploma yangu ilizeeka, na kila mwaka dhahabu ilipanda. Maombi ya kwanza hayakuleta kitu. Ya pili vilevile. Mwaka wa tatu hospitali moja ikaniita kwenye usaili wa video.

Nilikaa chumba cha juu wakati wa alasiri, koti na tai, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka. Mama alisimama mlango wa chini, barabarani, kuwazuia wenye mikokoteni wasipite na kelele zao. Daktari wa kike, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniuliza habari za wagonjwa, nikamjibu bila kusita. Naamini hakupata kusikia majibu bora siku ile. Kisha akasema, "Nieleze mara moja uliyoshindwa."

Kwetu mtu haweki aibu yake mbele ya wageni. Ukianguka unajisitiri, na wanaokupenda wanakusitiri. Nikainua kichwa. "Sijawahi kushindwa."

Alitazama karatasi zake. "Hapa naona mtihani wetu wa leseni hukufaulu mara ya kwanza."

"Nilikuwa mgonjwa," nikasema. Sikuwa mgonjwa. Aliandika kitu, akanishukuru, skrini ikazimika.

Mwenzangu niliyesoma naye, aliyepata nafasi, aliniambia baadaye kuwa swali hilo huulizwa kila mtu. Yeye naye alianguka mtihani uleule. Aliwasimulia vipi alianguka na vipi aliinuka, nao wakamchukua.

Jibu langu lilikuja mwezi wa tatu: hakuna nafasi. Mama alilisikia, akaenda kukuna nazi, na siku nzima hakunitazama usoni.

Wiki ileile jirani mmoja, katika wale saba, alipanda ngazi zetu. "Sikuja kudai, baba," aliniambia kabla hata hajakaa. "Nimekuja kuwaalika. Binti yangu aolewa." Alipopokea kikombe cha chai, mkono wake ulikuwa mtupu, bila hata bangili moja. Angewapokea wakwe zake hivyohivyo, na asingemwambia mtu kwa nini.

Nilikuwa na akiba ya maombi ya nne, ya tiketi na ya kuanzia maisha. Nilijua pia kwamba nikiruka mwaka huo, diploma yangu haitapokewa popote kule. Niliitoa akiba yote, nikauza na gari langu, nikaenda kwa sonara na ile karatasi.

Bangili nilizigawa kwa siku moja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, yule mwenye arusi kwanza. Kibarazani karani aliuliza, "Daktari, Amerika lini?"

"Siendi," nikamwambia. "Na sidaiwi na mtu." Safari hii hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

Wa saba alikuwa bibi mkongwe kuliko wote. Aliivaa bangili ikamteleza mpaka kwenye kiwiko, maana alikuwa amekonda miaka yote ile akiningoja. Akaninyooshea mkono uleule.

"Haya," alisema. "Nipime presha."