Samaki Tuliowekewa Ziwani

Juzi, kwenye bango jipya kando ya ziwa hapa mjini Baraka, nilisoma neno "uhifadhi". Maana yake nilifundishwa na koko, mama yake mama, kabla sijajua kusoma.

Mchana mmoja wa utoto wangu, mimi na dada yangu tulivua kwa kukokota chandarua cha mbu ufukweni, tukamletea koko beseni la watoto wa samaki, tukinuka matope. Koko akalibeba hadi majini, akawamwaga wakiwa bado wanarukaruka.

"Koko, tutakula nini?" nililia.

"Leo majani ya muhogo, sombe tupu. Hii batoto ya samaki nakuwekea mu ziwa."

Nilidhani ziwa lina kabati. Kesho yake nilisimama majini nikiliomba linirudishie samaki wangu. Koko akacheka mpaka akashika mbavu.

Jana binti yangu alikula mukeke, samaki mnono wa ziwa hili, akalamba vidole. Asante, koko. Uliniwekea kweli.